Pumzi Isiyojiendesha: Historia ya Ugonjwa wa CCHS

Ugonjwa ujulikanao na madaktari kwa kifupi cha CCHS ni hitilafu ya kuzaliwa nayo inayomnyima mtu uwezo wa kupumua bila kukusudia. Mapafu ya mgonjwa ni mazima, moyo wake umeumbika sawasawa, misuli ya kifua chake ina nguvu. Kinachokosekana ni amri. Akiwa macho, mara nyingi hupumua vya kutosha. Akilala, pumzi zake huwa fupi na chache, au hukoma kabisa. Kabonidayoksaidi hujaa damuni, oksijeni hupungua, naye hashtuki wala hahangaiki. Asiposaidiwa na mashine, ubongo wake huharibika au hufia usingizini. Hesabu iliyofanywa Ufaransa ilikadiria mgonjwa mmoja katika kila watoto 200,000 wanaozaliwa hai. Makadirio ya Japani yalikuwa mmoja katika watoto wapatao 150,000.

Maelezo ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huu yalichapishwa mwaka 1970, na jeni inayohusika ikatambuliwa mwaka 2003. Tarehe hizo ni za karibuni, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba ugonjwa wenyewe ni mpya. Kilichochelewa ni uwezo wa watu kuuona. Zamani mtoto wa namna hii hakuweza kuishi muda wa kutosha ili mtu achunguze kilichomsibu, na kifo chake kilihesabiwa pamoja na vifo vingine vingi vya vichanga visivyoelezeka. Ili ugonjwa upate jina, ilibidi kwanza mambo matatu yatimie: pajulikane mahali pumzi inapoamriwa, kipatikane chombo cha kupima kabonidayoksaidi katika damu, na iundwe mashine ya kumpumulia mtu aliyeshindwa kupumua mwenyewe. Historia ya CCHS inaanzia pale mambo hayo matatu yalipokutana.

Makao ya pumzi

Swali la wapi pumzi huamriwa ni la kale. Katika karne ya 2, Galen wa Pergamon, aliyewatibu wapiganaji wa viwanjani kabla ya kuhamia Roma, alikata uti wa mgongo wa wanyama katika sehemu mbalimbali na kuangalia kilichofuata. Alipokata juu kabisa ya shingo, pumzi ilikatika papo hapo. Alipokata chini ya shingo, mnyama alipooza viungo lakini kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kiliendelea kufanya kazi. Hivyo ilidhihirika kwamba amri ya pumzi hutoka juu na kuteremka kupitia shingoni.

Zilipita karne nyingi kabla ya mahali penyewe kuonyeshwa. Mwaka 1812 daktari Mfaransa Julien Jean César Legallois alichapisha mjini Paris matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa sungura. Aliwaondoa ubongo kipande baada ya kipande akianzia mbele, nao wakaendelea kupumua. Pumzi ilikoma pale tu kisu kilipofika kwenye eneo dogo la medula oblongata, sehemu ya chini ya shina la ubongo inayoungana na uti wa mgongo. Baada yake Marie-Jean-Pierre Flourens, Mfaransa mwingine, alidai kuwa eneo hilo halizidi ukubwa wa kichwa cha pini, akaliita fundo la uhai.

Flourens alilibana mno. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa upumuaji huongozwa na mtandao wa makundi kadhaa ya seli za neva. Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walitambua katika panya kundi dogo linalozalisha mdundo wenyewe wa pumzi. Hata hivyo Legallois alikuwa amethibitisha jambo ambalo ugonjwa wa CCHS usingeeleweka bila hilo: kiumbe anaweza kupoteza sehemu yote ya ubongo inayotumika kufikiri na kukusudia, na bado akapumua. Upumuaji unaojiendesha una makao yake, na hiari ina makao mengine.

Kinachoisukuma pumzi

Kujua mahali hakukutosha kueleza kwa nini pumzi huongezeka mtu akikimbia na kupungua akipumzika. Mwaka 1905, huko Oxford, John Scott Haldane na John Gillies Priestley walitoa jibu. Walikusanya hewa ya mwisho inayotoka pafuni mtu anaposhusha pumzi kwa nguvu, wakaipima katika mazingira yaliyotofautiana sana: juu ya mlima Ben Nevis wa Scotland, chini ya mgodi wa Dolcoath huko Cornwall, na ndani ya chumba cha hewa iliyoshindiliwa. Shinikizo la oksijeni mapafuni lilibadilika sana kutoka mahali hadi mahali, lakini lile la kabonidayoksaidi lilibaki karibu vilevile. Mwili ulikuwa ukililinda. Kabonidayoksaidi ikizidi kidogo tu mapafuni, hata kwa sehemu ndogo ya asilimia moja, upumuaji huongezeka maradufu hadi ziada hiyo itolewe nje.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutafuta vihisio vinavyofanya upimaji huo. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kwamba kwenye mishipa mikubwa ya damu ya shingo na kwenye aota kuna vihisio vinavyoupelekea ubongo habari za damu na kubadili upumuaji. Katika miaka ya 1950 Isidore Leusen, Mbelgiji pia, alionyesha kwamba uchachu wa majimaji yanayouzunguka ubongo huchochea pumzi. Kabonidayoksaidi inapoyeyuka humo, majimaji hayo huwa machachu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Hans Loeschcke wa Ujerumani, pamoja na Robert Mitchell na John Severinghaus wa San Francisco, walifuatilia athari hiyo hadi kwenye uso wa medula ulio upande wa mbele. Kufikia hapo picha ilikuwa imekamilika kiasi cha kutosha. Medula hupiga mdundo wa pumzi, na kabonidayoksaidi huuharakisha au kuupunguza. Ingewezekana sasa kuwaza mtu ambaye mdundo upo lakini hausikii kabonidayoksaidi.

Polio, pampu na kipimo

Mambo mengine mawili yaliletwa na polio. Virusi vyake viliwapooza maelfu ya watoto na vijana wa Ulaya na Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na waliopooza misuli ya kupumua walikufa wakijitambua. Mwaka 1928 mjini Boston ilitumika kwa mara ya kwanza mashine ya Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw, pipa la chuma lililomfunika mgonjwa mwili mzima isipokuwa kichwa, likapanua kifua chake kwa kupunguza shinikizo la hewa ndani ya pipa.

Polio ilipoivamia Copenhagen mwaka 1952, hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za aina hiyo. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa kwenye mashine, 27 walifariki ndani ya wiki chache. Mkuu wa hospitali, H. C. A. Lassen, alimwita daktari wa usingizi Bjørn Ibsen. Ibsen aligundua kwamba wagonjwa walikuwa wakifa kwa kulundikana kabonidayoksaidi, hata pale walipoonekana kupata oksijeni ya kutosha. Alishauri watobolewe tundu kooni hadi kwenye bomba la hewa, kisha wasukumiwe hewa mapafuni kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono. Wanafunzi wa tiba na wa meno wapatao 1,500 walipokezana zamu za mchana na usiku wakibana mifuko hiyo. Vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kutokana na miezi ile ya kiangazi na vuli ya 1952, wodi za wagonjwa mahututi zilianza kuenea duniani, na viwanda vikaanza kutengeneza mashine za kusukuma hewa badala ya mikono ya wanafunzi.

Janga hilohilo lilionyesha jinsi vipimo vya damu vilivyokuwa duni. Mwaka 1954 Richard Stow wa Marekani alibuni elektrodi ya kupima kabonidayoksaidi moja kwa moja, na John Severinghaus akaiboresha hadi ikawa chombo cha kutegemewa, akaiunganisha na vipimo vya oksijeni na uchachu katika mtambo mmoja wa kupima gesi za damu. Ndipo daktari alipoweza kujua, kwa dakika chache na kwa damu kidogo, kama mtu aliyelala anapumua vya kutosha au la.

Polio iliacha pia dokezo la kitabibu. Mwaka 1958 Fred Plum na August Swanson walieleza wagonjwa ambao virusi vilikuwa vimeshambulia medula yao. Baadhi yao walipumua vizuri wakiwa macho na wakiombwa kuvuta pumzi, lakini pumzi ilivurugika au kukoma walipolala. Misuli haikuwa imepooza. Kilichoharibika kilikuwa amri ya kujiendesha, huku amri ya hiari, inayoteremka kwa njia nyingine kutoka kwenye gamba la ubongo, ikiwa salama.

Jina lenye utata

Mwaka 1962 Severinghaus, yuleyule wa elektrodi, na Mitchell walitoa taarifa fupi kuhusu watu wazima watatu waliofanyiwa upasuaji wa sehemu ya juu ya uti wa mgongo na shina la ubongo. Wakiwa macho, watu hao waliweza kupumua walipoambiwa wapumue. Wakisahau, au wakipitiwa na usingizi, pumzi ilikoma, ikabidi wategemee mashine. Waandishi hao waliiita hali hiyo laana ya Ondine.

Ondine ni binti wa majini katika ngano za Ulaya, aliyeandikwa na Friedrich de la Motte Fouqué wa Ujerumani mwaka 1811 na kuwekwa jukwaani na Mfaransa Jean Giraudoux mwaka 1939. Katika tamthilia ya Giraudoux, mume aliyemsaliti binti huyo hulalamika kuwa mwili wake hautendi tena lolote bila kuamriwa, hata kupumua. Jina lilivutia na kuenea haraka, lakini lilileta matatizo mawili. Ondine wa Giraudoux hakumlaani mtu. Adhabu ilitokana na mapatano yaliyofungwa na mfalme wa maji. Pili, na zito zaidi, jina hilo liliwekwa baadaye juu ya watoto wachanga, na wazazi wengi wakachukizwa kuambiwa kuwa mtoto wao ana laana. Kadiri chanzo cha kibiolojia kilivyofahamika, madaktari waliacha jina la ngano na kutumia lile la kitaalamu linalofupishwa kuwa CCHS.

Mtoto wa kwanza katika vitabu

Wagonjwa wa 1958 na 1962 walikuwa wameharibikiwa ukubwani. Mwaka 1970 Robert Mellins na wenzake wa New York walichapisha maelezo ya mtoto aliyezaliwa akiwa tayari na hali hiyo, wakayalinganisha na kila kisa kilichokuwa kimeandikwa kabla yake. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa CCHS kama ugonjwa unaojitegemea. Iliwezekana kwa sababu wakati huo hospitali kubwa zilikuwa na mashine za kumpumulia kichanga kwa wiki na miezi, na vipimo vya gesi za damu vya kufuatilia usiku wake.

Visa vingine vilifuata upesi. Mwaka 1976 Daniel Shannon na wenzake wa Boston, wakichunguza vichanga wawili, walionyesha kuwa upumuaji huwa mbaya zaidi katika usingizi mzito uliotulia kuliko katika usingizi wa ndoto. Hilo liliafikiana na fiziolojia: katika usingizi uliotulia, hiari na msisimko wa ubongo vyote huwa vimenyamaza, na mtu hubaki na kabonidayoksaidi kama kichocheo pekee cha pumzi. Mtoto mwenye CCHS haisikii hiyo kabonidayoksaidi.

Hatua iliyopanua uelewa wa ugonjwa ilikuwa ya mwaka 1978. Gabriel Haddad na wenzake wa New York walieleza watoto ambao, pamoja na kushindwa kupumua usingizini, walikuwa na kasoro za mwendo wa matumbo na mapigo ya moyo yasiyobadilika kama inavyotakiwa. Baadhi ya watoto wenye CCHS huzaliwa na ugonjwa uliotangazwa na Harald Hirschsprung wa Copenhagen mwaka 1886, ambamo kipande cha utumbo mpana hukosa seli za neva, choo kikaziba na tumbo kuvimba. Mkusanyiko wa magonjwa hayo mawili huitwa leo kwa jina la Haddad. Madaktari waliona pia uvimbe unaoota kwenye tishu za neva, mboni za macho zisizojibu mwanga vizuri, jasho lisilo la kawaida na joto la mwili lililo chini. Viungo hivyo havihusiani na pumzi kwa juu juu. Kinachoviunganisha ni mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaosimamia moyo, matumbo, jasho na mboni bila mtu kuombwa ridhaa. Wazo likajengeka kwamba kosa lilitokea tumboni mwa mama, wakati mfumo huo unajengwa, na kwamba pumzi ni sehemu moja tu ya kosa hilo, ingawa ndiyo inayoua haraka.

Kutoka wodini kwenda nyumbani

Kumtambua mtoto kulifungua swali la nini kitafuata. Ugonjwa hauponi kwa umri. Mtoto hukua akiwa nao. Mwanzoni wengine walikaa wodini kwa miaka. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, katika nchi zenye uwezo, mashine zilipungua ukubwa kiasi cha kuwekwa kando ya kitanda cha nyumbani, na wazazi wakafundishwa kusafisha tundu la kooni, kubadilisha mrija na kutambua hatari kwa kutazama mashine badala ya kumtazama mtoto. Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuzoeleka. Mtoto wa kawaida akikosa hewa huhema, hutanua pua, hubonyea mbavu na kulia. Mwenye CCHS hukaa ametulia huku midomo ikibadilika rangi, hata anapougua nimonia. Kipima oksijeni cha kidoleni, kilichotokana na kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, kilikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa kilimpa mzazi kengele ambayo mwili wa mtoto hauna.

Njia nyingine ilitoka Chuo Kikuu cha Yale, ambako daktari wa upasuaji William Glenn katika miaka ya 1960 alianza kuchochea kwa umeme neva zinazoendesha kiwambo. Vipokezi hupandikizwa chini ya ngozi, na kisambazaji kilicho nje ya mwili hutuma mawimbi yanayokifanya kiwambo kijikunje na kuvuta hewa. Mwaka 1978 Carl Hunt na wenzake walieleza matumizi ya njia hiyo kwa vichanga watatu. Kwa watoto wachache wanaohitaji msaada hata wakiwa macho, kifaa hiki kilikuwa na thamani ya pekee: kiliwawezesha kutembea, kucheza na kwenda shule mchana bila kufungwa na mashine. Baadaye ikaja pia barakoa ya kusukuma hewa puani, ambayo baadhi ya watoto waliokua waliihamia na tundu la kooni likazibwa.

Mwaka 1992 Debra Weese-Mayer na wenzake wa Chicago waliweza kuandika habari za watoto 32 waliowafuatilia kwa muda mrefu. Mwaka 1993 Steven Shea na wenzake walionyesha jambo lililowashangaza wengi: watoto hawa hawahisi kabisa ile dhiki ya kukosa hewa, hata kabonidayoksaidi ikipanda kwa kiwango ambacho mtu mwingine asingekivumilia. Inaelekea dhiki ya kubanwa pumzi hutegemea seli zilezile zinazoisikia kabonidayoksaidi. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo wa kwanza wa pamoja kuhusu utambuzi na matunzo. Katika jina la ugonjwa, mwongozo huo bado uliweka neno lenye maana ya usiojulikana chanzo.

Jeni ya PHOX2B

Dalili kwamba chanzo ni cha kurithi zilikuwepo. Familia chache zilikuwa na mgonjwa zaidi ya mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake wa kizazi cha kwanza kilichookolewa walipoanza kuzaa, baadhi ya watoto wao walizaliwa na ugonjwa huohuo. Watafiti walipekua jeni zinazohusika na ugonjwa wa Hirschsprung, lakini waliambulia mabadiliko kwa wagonjwa wachache tu.

Ufunguo ulitoka kwenye biolojia ya panya. Jean-François Brunet, Christo Goridis na wenzao nchini Ufaransa walikuwa wakichunguza jeni iitwayo Phox2b, ambayo huziamuru seli changa kugeuka kuwa neva za mfumo unaojiendesha. Mwaka 1999 walionyesha kuwa katika panya asiye na jeni hiyo mfumo mzima wa neva zinazojiendesha haujengeki. Orodha ya viungo vilivyoathirika ilifanana na ile ambayo madaktari walikuwa wakiiandika kwa watoto wa CCHS tangu 1978.

Mwaka 2003 Jeanne Amiel, Stanislas Lyonnet na wenzao wa hospitali ya Necker, Paris, waliichunguza jeni hiyo kwa wagonjwa 29 na kukuta imebadilika kwa 18 kati yao. Mwaka huohuo kundi la Weese-Mayer lilitangaza mabadiliko ya aina hiyo kwa wagonjwa 65 kati ya 67. Tangu hapo kubadilika kwa PHOX2B, iliyoko kwenye kromosomu ya 4, ndiko kunakothibitisha kwamba mtu ana CCHS, na mwongozo mpya wa Marekani wa mwaka 2010 uliacha kuuita ugonjwa usiojulikana chanzo.

Kosa lenyewe ni dogo. Protini inayotokana na jeni hii ina mahali ambapo asidi amino iitwayo alanini hujirudia mara 20 mfululizo. Kwa wagonjwa wapatao 9 kati ya 10, nakala moja ya jeni imerefuka, na alanini hujirudia mara 24 hadi 33. Urefu huo huelekea kutabiri uzito wa ugonjwa. Wenye alanini 24 au 25 mara nyingi huhitaji mashine usingizini tu, na wengine hugunduliwa ukubwani, pengine baada ya kupewa dawa za usingizi za upasuaji na kushindwa kurudia kupumua. Wenye 27 na kuendelea mara nyingi huhitaji msaada usiku na mchana. Wagonjwa waliobaki wana mabadiliko ya aina nyingine katika jeni hiyohiyo, na kwao ugonjwa wa Hirschsprung na uvimbe wa tishu za neva hutokea mara nyingi zaidi. Ilibainika pia kuwa moyo wa baadhi ya wagonjwa husimama kwa sekunde kadhaa bila dalili ya mapema. Ndiyo maana mwongozo wa 2010 ulitaka wapimwe mapigo kwa saa 72 kila mwaka, na wenye vipindi virefu vya kusimama wawekewe betri ya moyo.

Mara nyingi wazazi wote wawili hawana kasoro hiyo. Huzuka upya mtoto anapotungwa. Katika familia chache mzazi mmoja huwa na mabadiliko hayo katika sehemu ya seli zake tu, bila kuugua. Mgonjwa mwenyewe akizaa, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Habari hizi zimewawezesha wazazi kupewa ushauri wa kweli, na zimewaondolea akina mama shutuma za kuwa walifanya jambo baya wakati wa ujauzito.

Mwaka 2008 Véronique Dubreuil, Brunet, Goridis na wenzao waliwapa panya jeni yenye alanini 27. Panya hao walizaliwa bila kuisikia kabonidayoksaidi, wakafa muda mfupi baadaye. Katika ubongo wao lilikosekana kundi moja la seli lililo karibu na uso wa mbele wa medula, eneo lilelile ambalo Loeschcke, Mitchell na Severinghaus walikuwa wamelielekea zaidi ya miaka 40 kabla.

Hali ya leo

Hakuna dawa inayoponya CCHS. Mwaka 2010 madaktari wa Paris waliripoti kwamba wanawake wawili wenye ugonjwa huu walianza kuisikia kabonidayoksaidi kwa kiasi fulani walipokuwa wakitumia desogestreli, homoni iliyomo katika baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Jambo hilo lilionekana kwa bahati na limefungua utafiti kuhusu dawa zinazoweza kuziamsha njia nyingine za pumzi. Matunzo yenyewe yamebaki kuwa mashine wakati wa usingizi, uangalizi wa usiku na vipimo vya kila mwaka. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 ulisisitiza hayohayo. Vijana huonywa kuhusu hatari ambazo wenzao hawana. Kupiga mbizi kunaweza kuwaua kwa kuwa hawahisi hamu ya kuibuka kuvuta hewa, na pombe au dawa za kulevya hupunguza upumuaji ambao tayari ni haba. Kwa tahadhari hizo wengi wamesoma, wamefanya kazi na kulea watoto.

Kwa kuwa mabadiliko ya PHOX2B huzuka upya, yanaweza kumpata mtoto wa taifa lolote, awe wa Paris, Kisumu au Mtwara. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mashine za kupumulia vichanga bado ni chache na kipimo cha gesi za damu hakipatikani kila mahali, kwa hiyo ugonjwa unaweza kupita bila kutambuliwa, kama ulivyopita Ulaya na Marekani kabla ya 1970. Dalili ya kumfanya mhudumu aushuku haihitaji maabara ya jeni: mtoto mwenye mapafu na moyo mzima, anayepumua vizuri akiwa macho, ambaye kila akilala oksijeni yake hushuka bila kuhema wala kuamka, na ambaye mashine ikiondolewa hurudia hali ileile. Kipima oksijeni kikifungwa kwenye mguu wake akiwa macho na akiwa amelala, tofauti huonekana. Baada ya hapo kipimo cha damu huthibitisha kabonidayoksaidi, na sampuli inaweza kupelekwa mbali kwa uchunguzi wa jeni. Mashine ndiyo iliyoufanya ugonjwa huu uonekane kwa mara ya kwanza, na upatikanaji wa mashine ndio unaoendelea kuamua ni watoto gani watakaotambuliwa wakiwa hai.